Ampu ya gitaa: anza kuitazama mgongoni, usoni baadaye

Wiki iliyopita baada ya mazoezi ya kwaya, dogo mmoja anayejifunza gitaa la ridhimu alinifuata nje akaniambia kaka, nimedunduliza mpaka nimefikisha laki tano, nataka ampu yangu mwenyewe, ile mashine ya kukuza sauti ya gitaa la umeme, ninunue ipi? Nikaanza kumjibu palepale getini, nusu saa ikapita sijamaliza na bodaboda wake ameshaanza kupiga honi, nikamwambia we nenda, nitaandika. Basi ndo haya naandika, na yatamfaa mtu yeyote anayepiga gitaa huku Kanda ya Ziwa, maana ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu ambao umeme wao hauchezi na ampu inatoka ndani inaingia kwenye buti ya gari inashushwa stejini. Sisi hapa Mwanza inapakatwa kwenye bodaboda kutoka Mabatini mpaka Nyegezi, Jumapili iko kanisani, Jumamosi iko kwenye harusi chini ya turubai na jenereta linanguruma pembeni.

Ampu yangu ya kwanza nilikaa nayo dakika tatu tu. Ilikuwa kombo, yaani ampu na spika ndani ya boksi moja, iliyoshuka na kontena la mitumba kutoka Japani, nyeusi, nzuri mno, vinobu vyote vipo, kitambaa cha spika hakina hata tundu. Siku hiyo pale kwa muuzaji umeme ulikuwa umekatika kwahiyo sikuijaribu, tukavutana bei nikalipa, nikaibeba begani kupanda nayo kule juu kwenye mawe, nikafika nikachomeka. Taa ikawaka, tena ikawaka kali. Nikapiga E ya chini mara moja, mlio ukatoka mnene mpaka nikacheka mwenyewe, halafu ukaanza mvumo kama nyuki wamefungiwa ndani ya debe, halafu harufu. Anayeijua ile harufu haisahau, ni vanishi ya transfoma inaungua, ina utamu fulani unaokaba koo. Nilichomoa mbio lakini tayari ilikuwa imekwisha.

Kesho yake nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi redio. Shikamoo mzee, marahaba baba, lete tuone. Hata bisibisi hakushika, aliigeuza tu, akapuliza vumbi mgongoni, akamulika na tochi ya simu akaniambia soma hapo. Kibandiko kidogo cha fedha, AC 100V. Akaniuliza, na soketini kwako zipo volti ngapi? Mia mbili thelathini mzee. Akanyamaza kidogo, akafungua kile kikofia cha fyuzi pale nyuma, akachomoa fyuzi akaiweka kiganjani mwangu. Kile kioo chake kilikuwa kimeungua zamani, na juu yake mtu alikuwa amezungushia nyuzi tatu za shaba alizochuna kwenye waya.

Hapo ndo nilielewa. Transfoma iliyosukwa kwa volti 100 ukiipa 230, chuma chake kinajaa sumaku mpaka hakibebi tena, na nyaya za ndani zinaanza kuvuta mkondo mkubwa ajabu, na kazi yote ya fyuzi ni kukatika sekunde hiyohiyo ili kitu kingine kisiguswe. Fyuzi nzima ingekatika, ningenunua nyingine kwa hela ya soda na ampu ningebaki nayo. Ile shaba haikukatika, ikaungua transfoma badala yake, na transfoma ndo kitu kizito na ghali kuliko vyote mle ndani ukiondoa spika. Tangu siku hiyo ampu yoyote nikikutana nayo naigeuza mgongo kwanza kabla sijasoma hata jina lake.

Kwahiyo dogo, kitu cha kwanza ni kibandiko. Unatafuta 220, 230 au 240V na 50Hz. Ya Japani inaandikwa 100V, ya Marekani 120V. Zipo zenye swichi nyuma ya kubadilisha volti, hizo sawa ila hakikisha swichi imekaa upande wetu kabla hujachomeka. Watu watakwambia nunua tu hiyo ya 100V halafu weka stepudauni, ile transfoma ya pembeni ya kushusha volti. Inawezekana, na ukifanya hivyo chukua stepudauni yenye wati nyingi zaidi ya zinazoandikwa kwenye kibandiko cha ampu, lakini mimi siwezi kumshauri mtu anayezunguka na ampu afanye hivyo, maana siku moja utakuwa unaongea na mwenyeji wa shughuli huku kijana mwema wa kukusaidia kupanga vyombo anachukua waya wako anachomeka moja kwa moja kwenye ekstensheni. Na nia yake ni njema kabisa.

Sasa twende kwenye sauti, maana ampu inaweza kuwa na umeme sahihi na bado isikufae.

Mimi naamini, na nimebishana na watu wengi juu ya hili, kwamba kwa muziki tunaoupiga huku cha kusikiliza kwanza ni sauti safi. Dansi, kwaya, sebene, zote zinataka gitaa linalong'aa, nyuzi nyembamba zisikike moja moja hata zikipigwa mbio. Chukua benga, ambayo ni muziki wa ziwa letu hili hili, marehemu D.O. Misiani alizaliwa 1940 huko Shirati upande wa Mara na bendi yake ikabeba jina la Shirati mpaka Kenya, ukiisikiliza gitaa la mbele linadonoa kama nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Wajaluo, kila noti imesimama peke yake. Ukipiga kitu kama hicho kwenye ampu ambayo ukifika nusu ya volyumu inaanza kukwaruza, noti zinagandana zinakuwa uji. Wakati unajaribu usidanganywe na chaneli ya distoshoni, ile ya kukwaruza sauti makusudi, hiyo hata kwenye ampu mbovu inasikika ya kusisimua ukiwa peke yako. Jaribu safi. Na ampu yenye sauti safi ya nguvu unaweza kuichafua muda wowote kwa pedali, kile kiboksi cha kukanyaga cha kubadilisha sauti, ukitaka kupiga roki au gospo ya kisasa, ila ampu inayokwaruza yenyewe hakuna pedali ya kuisafisha, kwahiyo ukitafuta ampu ya kufanya kazi nyingi inaanzia hapo.

Katika ampu safi zote yenye jina kubwa ni Roland JC-120, ile inayoitwa Jazz Chorus, ilitoka 1975 na mpaka leo inatengenezwa. Ni ya transista, haina tyubu hata moja, zile chupa za kioo za kukuzia sauti kama za redio za zamani, ina spika mbili za inchi 12 na kila spika ina mashine yake ya wati 60, ukiwasha korasi, ile efekti inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili, sauti inatanda hewani baina ya hizo spika mbili, haifanani na korasi ya pedali. Nimewahi kuipigia mara moja tu kwenye steji ya watu wengine na niliirudia ile sauti kichwani wiki nzima. Lakini ina kilo kama 28, hiyo ni ya bendi yenye gari.

Tyubu sasa. Najua utaambiwa ampu ya kweli ni ya tyubu, na kwa sauti siwezi kubisha, Vox AC30 au Fender Deluxe Reverb ukiigusa nyuzi kwa upole inaitika kwa upole, ukikaza na yenyewe inakaza, ni raha ambayo transista inaifukuzia tu. Ila tufikirie maisha yake hapa. Tyubu ni kioo chenye moto ndani, zinachoka kwa matumizi na lazima zibadilishwe, zinachukia mitikisiko, na barabara zetu za vichochoroni tunazijua. Ikifa tyubu kama EL34 au 6L6 Ijumaa jioni na shughuli ni kesho, mi binafsi sijui duka hapa mjini nitakalokimbilia, ninachojua ni kuagiza na kusubiri. Ile ya tyubu pia ukiiwasha na kuipiga bila spika kuunganishwa unaweza kuua transfoma ya kutolea sauti. Na humo ndani kuna volti mia tatu, mia nne na zaidi, ambazo zinabaki kwenye kapasita, vile vipuri vinavyotunza umeme, hata ukishachomoa plagi, kwahiyo fundi asiyezijua anaweza kuumia vibaya. Ukiwa na studio yako nyumbani, nunua, furahi. Kwa kuzunguka nayo, bado nasema transista.

Kuhusu wati watu wanachanganyikiwa sana nadhani kwa sababu muuzaji akitaja 100 na mwingine 50 inaonekana kama ya kwanza inapiga mara mbili. Haiko hivyo. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti, sikio linaona imepanda kidogo, ili sikio liseme hii ni mara mbili unahitaji wati kama mara kumi. Spika yenyewe ina mchango mkubwa kuliko watu wanavyodhani, kuna spika ya inchi 12 ambayo kwa wati ileile moja inatoa desibeli 97 na nyingine inatoa 100, hiyo tofauti ni sawa na kuwa na ampu ya wati mara mbili, bure. Ndo maana nasema usinunue yenye spika ya inchi 8 ukitegemea ishindane na drums. Inchi 12, wati 40 mpaka 80 za transista, inatosha kanisa letu na inatosha ukumbi.

Majina basi, maana najua ndo unachosubiri.

Mimi natumia Peavey Bandit 112, hiyo 112 maana yake spika moja ya inchi 12. Peavey ni kampuni ya Marekani, Hartley Peavey aliianzisha 1965 kule Meridian, Mississippi, na hizi Bandit zimekuwepo tangu miaka ya 80 mwanzoni, kwahiyo za mkononi zipo, ila soma kibandiko, nyingi ni za 120V. Ya kwangu ni 230V, nimeinunua kwa mtu aliyekuwa anahama mji, laki nne na nusu, mwaka wa tano huu. Imewahi kuharibika jeki ya kuingizia waya na volyumu mbili kuanza kukwaruza, basi. Yule yule mzee aliifungua mbele yangu, vipuri vya kwenye bodi vinaonekana kwa macho, aisii na kapasita za aina anazokutana nazo kila siku kwenye redio, akalehemu jeki mpya nikaondoka nayo jioni ileile. Kwangu hilo lina uzito kuliko efekti arobaini.

Ukitaka vitu vingi ndani ya boksi moja basi Boss Katana 50, ilitoka 2016 na zimekuja matoleo mengine baadaye. Hii ni ya dijitali. Inapiga wati 50, ila ina swichi ya kushusha mpaka 25 na mpaka nusu wati, ukiwa chumba cha kupanga na jirani anapiga kikohozi unamsikia, ile nusu wati ni baraka. Ina sauti safi nzuri kweli, ina chaneli ya gitaa la boksi kwa ajili ya kwaya, ina tundu la hedifoni ambalo unaweza kulitumia kupeleka sauti kwenye miksa, na ina kilo kati ya 11 na 12 hivi, mtu anaipakata kwenye bodaboda bila shida. Hofu yangu ni moja, bodi za dijitali vipuri vyake vidogo kama punje za ulezi, ikifa kitu humo mzee wangu hana la kufanya. Ukiipata mpya yenye warantii, chukua. Ya mkononi iliyokwishafunguliwa-funguliwa, iache.

Na kwa wale wa kupiga mwaloni au kwenye visiwa ambako umeme ni wa kubahatisha, kuna Roland Cube Street EX, inatumia betri nane ndogo za AA na inapiga wati 50, ina na tundu la maiki. Sio ya kushindana na drums nzima lakini kwa gitaa mbili na waimbaji wanne inasimama.

Siku ya kwenda kununua nenda na gitaa lako mwenyewe na waya wako mwenyewe, gitaa la dukani hulijui hivyo hutajua nani anakosea. Ikishawaka usipige kwanza, weka volyumu katikati bila kugusa nyuzi usikilize, mvumo mdogo ni kawaida, mvumo unaopungua ukishika chuma cha nyuzi mara nyingi ni gitaa lenyewe linadaka kelele za umeme, ila mvumo ukiwa mkubwa angalia waya wa ethi pia, inaweza kuwa soketi yao au plagi imekatwa pini ya tatu. Zungusha kila kinobu taratibu toka mwanzo mpaka mwisho, ukisikia kwaruu kwaruu ni vumbi au volyumu imechoka, hiyo inarekebishika lakini ipunguze kwenye bei. Tikisa jeki kidogo. Halafu panda mpaka saba na upige nyuzi za chini kwa nguvu, sikiliza kama kuna mtetemo wa karatasi, chuku chuku chuku, ukiusikia huo weka kiganja taratibu kwenye kitambaa cha spika, koni imechanika au imeachia gundi. Mara nyingi ni kwa sababu mtu alichomeka gitaa la besi humo. Ilishanitokea mimi mwenyewe kwenye harusi moja, besi hakuja na ampu nikaona aibu kumkatalia, nyimbo nne tu koni ikaachia. Siku hizi nakataa, kwa upole, lakini nakataa.

Halafu iache inawaka dakika ishirini huku mnaongea. Ampu nyingi zenye ugonjwa zinajificha zikiwa baridi. Muuzaji akianza kukuharakisha hapo, we mwenyewe utajua. Na kabla hujatoa hela fungua kikofia cha fyuzi, utazame kilichomo kwa macho yako.

Kuna swali la miksa pia maana kwaya nyingi gitaa wanalichomeka moja kwa moja kwenye miksa, halafu wanashangaa linalia kama bati. Spika ya gitaa inakata zile sauti nyembamba za juu kabisa, kuanzia kama kilohezi 5 kwenda juu inakuwa imeshalegea, wakati spika za muziki mkubwa zinatoa zote, ndo hizo zinazochoma masikio ya wamama waliokaa mbele. Kwahiyo ama ampu iwe na tundu la kutolea lenye uigaji wa spika, ama uweke maiki mbele ya spika, pembeni kidogo ya katikati. Na ampu usiiache sakafuni inapiga miguu yako, iweke juu ya kreti ya soda, iinamishe kuelekea sikio lako, zile sauti kali zinasafiri kwa mstari ulionyooka, ukisimama juu yake huzisikii unaongeza trebo, kinobu cha sauti za juu, mpaka watu wanaumia.

Utunzaji wa huku nao una mambo yake. Umeme ukikatika zima ampu, usisubiri umeme urudi ampu ikiwa imewashwa, maana unaporudi unarudi na kishindo. Friji gadi ile ya kawaida ya dukani inasaidia, inapima umeme kwanza na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuuruhusu upite. Kwenye jenereta mwombe fundi wao apime volti kabla hujachomeka, na ukiona taa za ukumbini zinapumua, ngoja. Na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi wakifuata taa, hao wanaingia mpaka ndani ya ampu iliyo wazi nyuma. Mwaka jana nilifungua ya kwangu baada ya shughuli ya usiku karibu na maji nikakuta wamelala safu nzima juu ya bodi, wakavu, wepesi kama pumba. Niliwatoa kwa brashi ya kupakia rangi. Sasa nikipiga sehemu kama zile taa naomba iwekwe mbali na mimi, na nikimaliza naifunika na shuka.

Nilipofika hapa kuandika simu ikaingia. Dogo amepata Bandit huko Igoma, ametuma picha tano, nne za mbele, vinobu, nembo, kila kitu kinang'aa. Nikamjibu geuza. Ya tano imekuja ina ukungu kidogo lakini inasomeka, 230V 50Hz, na pini tatu za plagi zote zipo. Muuzaji anataka laki nne na themanini na amesema umeme upo. Nimemwambia amwombe aiwashe sasa hivi aiache inawaka, mi natoka na gitaa langu, nipo njiani.